Mshale Uliokaa Kijani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi nikiwa kiti cha nyuma cha gari dogo jekundu, tunatoka Kituntu kwenda Bugomora, magoti yangu yamebana kisanduku chenye mshale, na mimi nikijiona ndiye mtu mwenye akili kuliko wote humo ndani. Tulikuwa watatu tu, kwa hiyo ushindani haukuwa mkubwa. Hata hivyo, kabla ya jua la utosini nilikuwa nimeshuka mpaka nafasi ya tatu.

Mwanangu, siku hizi nyinyi vijana mna magari yanayojieleza yenyewe. Mnachomeka kidude chini ya usukani, namba na rangi zinatokea kwenye simu, kisha mnanigeuzia kioo na kusema, "Mzee, tazama, kijani tupu." Mimi natabasamu. Hamjui kwamba neno hilo hunisisimua mgongo tangu miaka ya tisini ilipokuwa bado michanga. Basi kaa nikueleze. Sina haraka, na injini yako haijaungua bado.

Kaka yangu Novatus, mtoto wa baba yangu mkubwa, alikuwa na gereji kando ya barabara pale Kituntu, ikiwa gereji ni neno la haki kwa uwanja wenye mabati manne na harufu ya grisi. Alikuwa amelifufua gari moja la Kijapani lililochoka, na baadaye akapata turbo kutoka kwenye gari jingine lililopinduka. Akaifunga humo kwa mabomba aliyoyachomelea mwenyewe.

Turbo ni kitu ambacho hata leo hunishangaza. Ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moshi wa injini, ule ambao magari mengine huutupa tu barabarani, huzungusha feni ya kwanza. Ya pili huzunguka pamoja nayo, na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingejivutia yenyewe. Yaani gari linakula zaidi kwa nguvu ya pumzi yake ya kutoka. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilisema huo ni uongo wa mafundi. Novatus akaniambia niinamie boneti nisikilize. Nikasikia mluzi mwembamba, kama wa mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Nikaomba kusikiliza tena.

Lakini hewa peke yake haiwaki. Wewe umekulia huku, umeona rubisi inavyotengenezwa: ndizi mbivu zinakamuliwa, juisi inaongezwa maji, inatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, inaachwa ichachuke. Maji yakizidi, umewakaribisha wageni kwa maji ya kuoshea vikombe. Mtama ukizidi, umewapa uji. Petroli nayo ina kipimo chake cha hewa: karibu sehemu kumi na nne na kitu za hewa kwa sehemu moja ya petroli, ukipima kwa uzito. Turbo inaposukuma, injini hutaka petroli izidi kidogo hapo, maana hiyo ya ziada huupoza moto.

Mafuta yakizidi mno, gari linakohoa na kutoa moshi mweusi. Hata jirani asiye na gari atakuambia lina tatizo. Hewa ikizidi, hakuna moshi wala kikohozi. Gari linakuwa jepesi, linakwenda kwa raha, na joto linapanda kimyakimya ndani mpaka pistoni inatoboka. Liweke hilo moyoni, mwanangu. Kosa la kwanza lina kelele, la pili lina utamu.

Novatus alikuwa na kosa lenye kelele. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, aliirekebisha Bukoba, kando ya ziwa, na huko gari lilikuwa safi kabisa. Lilipopanda huku kwetu juu, ambako hewa ni nyepesi, mafuta yale yale yakawa mengi kuliko hewa iliyopo. Kila alipokanyaga, wingu jeusi lilimfuata nyuma kama deni. Hilo lingevumilika mwezi mwingine wowote. Lakini Jumamosi ile gari lilikuwa na kazi: kumchukua bibi harusi Bugomora na kumleta kanisani Kituntu, akiwa na gauni jeupe. Na bwana harusi alikuwa Novatus mwenyewe.

Bibi harusi aliitwa Adventina. Baba yake, Mzee Respicius, alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyanoa kwanza. Siku ya makubaliano, watu wetu walipokuwa wakilisifu gari kana kwamba ndilo linaloposa, yeye alitafuna punje zake za kahawa taratibu, kisha akasema:

"Gari sijalikataa. Lakini binti yangu akitoka hapa kwa gari hilo, afike kwa gari hilo. Likimfia njiani nitakuja kumchukua kwa miguu yangu mwenyewe. Nawe Novatus utarudi hapa kuanza upya, kuanzia kwenye shikamoo."

Watu walicheka sana. Novatus hakucheka. Alijua kwamba injini ile ilikuwa moja tu, na kwamba ikitoboka hakuna nyingine ya kufanana nayo Karagwe nzima.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, msaada ambao hakuna aliyeuomba. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, ambako nilisoma kemia, na nilikuwa natembea na kalamu mfukoni hata ninapokwenda kuoga. Katika gari lile lililopinduka niliona kidude kilichofungwa kwenye bomba la moshi. Nilikuwa nimesoma habari zake. Kazi yake ni kunusa: kikikuta mafuta yamezidi hutoa umeme kidogo, kikikuta hewa imezidi umeme hupotea. Novatus akanisaidia kukihamishia kwenye gari lake. Mimi nikavuta waya mpaka ndani, nikaufunga kwenye kisanduku cha mita ya mshale ya kupimia umeme.

Tukawasha. Injini ilipopata moto, mshale ukaanza kutetemeka, kulia, kushoto, kulia. Mwanangu, nilifurahi kama mtoto aliyeona panzi senene wa kwanza wa msimu. Moto nilikuwa nimeusoma ubaoni kwa miaka. Sasa nilikuwa nauona unavyopumua. Nilikaa humo nikiutazama tu mpaka Novatus akauliza kama nimelala.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini namba za ile mita niliziona kavu, hazifanani na kazi yangu. Nikakata karatasi, nikaipaka rangi: nyekundu upande wa kushoto, maana yake hewa imezidi, kijani katikati, mambo sawa, nyeusi kulia, mafuta yamezidi. Nikafungua kioo cha mita nikaibandika ndani kwa uji mzito wa muhogo, maana gundi haikuwapo. Chini yake, kwa herufi zenye mikia, nikaandika jina langu. Sijui nilidhani nani atalisoma.

Nilikiheshimu kile chombo kupita kiasi. Vumbi la barabara zetu unalijua, jekundu, linaingia hata kwenye yai. Kwa hiyo kila tulipokaribia kusimama, nilikifunika kwanza kwa leso, ndipo Novatus anazima injini. Tafadhali ukumbuke mpangilio huo. Mimi niliukumbuka baadaye, bila kupenda.

Ndani ya kabureta kuna kipande kidogo cha shaba chenye kitundu, mafundi hukiita jeti. Kitundu kikubwa, mafuta mengi; kidogo, machache. Novatus akaweka jeti ndogo kidogo kuliko ya Bukoba, tukazunguka mpaka kanisani na kurudi. Moshi umekwisha! Mshale nao ukahama kutoka kwenye nyeusi ukaja kwenye kijani. Waliokuwa wamekaa pale gereji wakapiga makofi, na jina langu likabadilika palepale nikawa Msomi.

Watu wa pwani wana methali yao: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi huku hatuna mnazi wa kugema, lakini mgema hakosekani. Wiki ile alikuwa mimi. Nikamwambia Novatus apunguze tena, gari litakuwa jepesi zaidi na petroli itadumu. Akapunguza. Nikatazama: kijani. Nikasema apunguze tena. Kijani vilevile. Gari likawa linaruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

"Mdogo wangu," Novatus aliniuliza, spana mkononi, "una hakika?"

"Kaka, si mimi ninayesema. Chombo kinasema."

Angalia sana kauli hiyo unapoisikia, hasa ikitoka kinywani mwako. Ni tamu kwa sababu inamwachia mtu sifa na kumwondolea mzigo.

Alhamisi tukaondoka kwenda Bugomora, kulijaribu gari kwenye njia yenyewe, na kumpeleka baba mkubwa akaseme maneno ya mwisho kwa wakwe. Baba mkubwa, Mzee Longino, baba yake Novatus, alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kukaa kando ya hakimu na kusikiliza watu wakiapa. Alikaa mbele, kanzu na koti, fimbo katikati ya magoti. Mfukoni alikuwa na akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, ambayo hakuna mgeni wa heshima anayefika bila kuonja.

Tulikwenda vizuri kwenye tambarare. Kahawa ilikuwa imeanikwa mbele ya nyumba, watoto walitupungia, turbo ilipiga mluzi wake. Kisha tukaanza kupanda mlima wa kwanza kabla ya Kamuli, na Novatus akakanyaga mafuta.

"Novatus," alisema mzee, "gari lako linatafuna kahawa."

"Vipi, Tata?"

"Sikiliza. Krr-krr-krr. Kama punje kavu kwenye debe."

Novatus akalegeza mguu, sauti ikapotea. Akakanyaga, ikarudi.

"Hiyo ni injini inagonga, petroli inalipuka badala ya kuwaka," alisema kwa sauti ndogo. "Msomi, mshale unasemaje?"

"Kijani," nikajibu. "Katikati kabisa."

"Sasa inagonga nini?"

"Ni nguvu hiyo, kaka. Injini yenye nguvu lazima iseme kidogo."

Baba mkubwa aligeuza kichwa akanitazama. "Kama wewe," akasema, akarudi kutazama mbele.

Novatus aliendelea kupanda. Najua alichokuwa anakifikiria. Sikio lake lilimwambia simama, na mdogo wake wa chuo kikuu alimwambia nenda. Mbele yetu, tukishapita Kamuli, ulikuwapo mlima mrefu kuliko huo. Huko ndiko angehitaji kukanyaga mpaka mwisho.

Tulipopita nyumba za mwisho za Kamuli mzee akagonga kioo kwa pete yake.

"Simamisha, nataka kuchimba dawa. Na uzime hilo dude. Siwezi kuchimba dawa napigiwa mluzi."

Novatus akasimama ghafla, akazima. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa na dawa yangu ya kuchimba tangu Kituntu. Nikaruka nje, kisanduku nikakiacha kitini. Leso ilibaki mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza.

Niliporudi nilimkuta baba mkubwa amefungua mlango wa nyuma. Ameinama, mikono mgongoni, anakitazama kile kisanduku jinsi alivyowatazama watu kizimbani.

"Msomi, njoo hapa. Huyu ndiye shahidi wako?"

"Ndiye, baba mkubwa."

"Anashuhudia nini?"

"Moto ulio ndani ya injini. Kama hewa na mafuta vimelingana."

"Novatus! Injini umezima?"

"Nimezima, Tata. Funguo hizi hapa."

"Humo ndani kuna moto?"

"Hakuna."

Mzee akanyoosha fimbo, ncha yake ikagusa kioo cha mita taratibu.

"Basi huyu bado anashuhudia nini?"

Nikatazama. Mshale ulikuwa kwenye kijani, katikati kabisa, umetulia kama mtu aliyekwisha kula.

Injini isiyo na moto ingepaswa kuulaza mshale kushoto kabisa. Nikagonga kioo kwa kidole, haukutikisika. Nikakifungua. Kumbe jua la dirishani lilikuwa limeikausha ile karatasi yangu, ikajikunja, na pindo lake likaushika mshale kwenye kijani. Liliushika siku ileile ya makofi, na halikuuachia tena. Na pindo lenyewe, mwanangu, lilikuwa pale nilipoandika jina langu.

"Mawe!" akasema Novatus, akimwita mama kwa lugha yetu, akakaa chini barabarani.

Baba mkubwa hakupandisha sauti. Laiti angepandisha.

"Mimi barazani," alisema, "shahidi akija simwulizi kwanza habari za ng'ombe aliyeibiwa. Namwuliza jambo ninalolijua. Umekuja kwa njia ipi? Mto umeuvukia wapi? Mvua ilinyesha jana kwenu? Akikosea hapo, hata akilia machozi kuhusu huyo ng'ombe, namsikiliza kwa adabu tu. Wewe huyu wako ulimwuliza nini unachokijua?"

"Hakuna, baba mkubwa."

"Ulimwuliza unachokipenda. Na alipokujibu unachokipenda, ukamwuliza tena." Akachukua punje ya akamwani akaitia mdomoni. "Shahidi ambaye mlimani anasema sawa, bondeni anasema sawa, na gari limezimwa anasema sawa, huyo si shahidi. Huyo ni picha ya ukutani."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe acha kukaa chini kama mfiwa. Shahidi mmoja hatoshi. Yuko mwingine?"

Novatus akainuka. Alikuwapo mwingine, na alikuwa akimjua siku zote: plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Akafungua boneti, akafungua plagi moja kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto, akaileta mwangani. Plagi inapochoma vizuri hupata rangi ya kahawia iliyokolea kidogo. Ile ilikuwa nyeupe kama chaki. Na kwenye weupe huo kulikuwa na vichembe vidogo vinavyong'aa, vizuri kuvitazama kama hujui vimetoka wapi. Vilikuwa vimetoka kwenye pistoni. Injini ilikuwa imeanza kujila.

Novatus aliomba punje moja ya akamwani kwa baba yake. Akaiweka kiganjani karibu na plagi, akanionyesha.

"Inatakiwa ikaribie hii," alisema. Kisha akaongeza: "Msomi, ulikuwa unanirudisha kwenye shikamoo."

Spana alikuwa nayo mkononi na hakunipiga nayo. Mpaka leo nahesabu hilo katika mambo ya utu niliyowahi kuyaona.

Sasa tufanye nini? Jeti kubwa zilibaki Kituntu. Tulikuwa chini ya mlima, na mzee alikuwa amewaahidi wakwe kufika siku ile. Novatus akafikiri, akavuta choki, kile kishikio unachokivuta asubuhi ili injini baridi ipate mafuta zaidi. Ukikivuta nusu, nusu ya kosa langu inafutika. Kilikataa kukaa nusu, kikarudi ndani. Akakata ukambaa wa mgomba kwenye shamba la jirani, akakifunga nao kisirudi ndani.

"Kabla ya kwenda," alisema baba mkubwa, "nataka kumhoji huyu tena, sasa karatasi imetoka."

Nilikuwa nimeibandua karatasi yote. Mshale ulikuwa umelala kushoto, kama inavyopasa. Novatus akawasha, akakanyaga kidogo. Choki ndani: mshale ukajivuta na kubaki kushoto, mahali pa hewa nyingi. Choki nusu: ukapanda, ukatetemeka katikati. Choki nje kabisa: ukaenda kulia, na moshi mweusi ukatoka nyuma. Mzee akafurahi, nami nikasahau aibu yangu nikafurahi naye.

"Rudisha," akasema. "Vuta. Rudisha. Ehee! Anasema kweli huyu. Vuta tena."

Tungekuwa bado pale kama Novatus asingekumbusha kwamba petroli nayo ina mwisho.

Tulipanda mlima ule kwa mguu mwepesi, turbo isije ikaamka, mwendo ambao mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani alitupita kwenye kona, akatusalimia kwa huruma. Sikio la Novatus lilikuwa dirishani njia nzima. Hakuna punje iliyolia.

Bugomora tulifika mchana umeshapinda. Mzee Respicius alikuwa amesimama mbele ya nyumba, na hakusubiri tushuke.

"Nilisikia gari lenu linaruka," alisema. "Naona limekuja kwa magoti."

"Limekuja kuomba binti, mzee mwenzangu," akajibu baba mkubwa, akishuka polepole na fimbo yake. "Anayekuja kuomba haruki."

Nilidhani ataishia hapo, na jibu lingetosha. Lakini baada ya salamu na kahawa alisimulia yote: karatasi, mshale, plagi, kila kitu. Novatus alitazama chini. Mimi nilitafuta shimo. Mzee Respicius alisikiliza, akaomba kuiona plagi, akaigeuza geuza juani. Halafu, mwanangu, mtu huyo wa maneno machache akaanza kuuliza maswali, na hayakwisha. Kwa nini nyeupe ndiyo mbaya, nyeusi ikiwa nafuu? Hewa ya ziwani na ya mlimani zinatofautianaje na zote hazionekani? Mwisho akamrudishia Novatus plagi.

"Gari linalofichwa ugonjwa wake ndilo ningeliogopa," alisema. "Njooni Jumamosi."

Na hilo ndilo lililonishinda kuelewa siku ile, nikalielewa nikiwa na mvi: kilichomtuliza yule mzee hakikuwa kijani. Kilikuwa ni kuonyeshwa nyeupe.

Kesho yake Novatus alirudisha jeti ya kwanza, ile ya siku ya makofi, akajaribu mlimani, akasimama, akafungua plagi, akalinganisha na akamwani. Rangi ilikaribiana. Vichembe havikuongezeka. Mita tuliifunga mbele karibu na usukani, haina karatasi, ila alama moja ya kalamu juu ya kioo. Jina langu halikuwapo popote.

Jumamosi nilikaa nyuma tena, safari hii nimebanwa na shangazi wawili na mapambo. Adventina alikaa mbele na gauni lake jeupe. Tulipoushuka ule mlima mrefu, tukapita Kamuli na kuukabili ule wa kwanza kwa upande wa pili, vigelegele vilinyamaza. Habari zilikuwa zimeshasambaa, na kila mtu alikuwa anasikiliza injini. Novatus akakanyaga. Turbo ikapiga mluzi. Krr-krr haikuja.

Adventina alikuwa akikitazama kisanduku. Mshale ulikuwa hautulii, huku na huku, huku na huku.

"Shemeji," akaniita bila kugeuka, asije akavuruga kitambaa cha kichwani, "huu mshale unavyotetemeka hivi, umeharibika?"

"Hapana, shemeji," nikasema. "Sasa ndio mzima."

Alifika Kituntu na gari lile lile, gauni jeupe kama lilivyotoka kwa baba yake. Kuanza upya kwenye shikamoo hakukutokea, ingawa Novatus huniamkia kwa neno hilo mpaka leo kila akitaka kuwachekesha watu, yeye mkubwa na mimi mdogo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami nimeilipia. Maishani utakuwa na mishale mingi ya kukuambia hali yako: kipimo cha gari, cheti cha shule, rafiki, mchumba, hata wazee wenye maneno mengi kama mimi. Usiitupe, bila mshale utaendesha kwa kubahatisha. Ila kabla hujauamini, uulize jambo ambalo jibu lake unalo tayari. Zima injini uone kama utalala. Vuta choki uone kama utapanda. Rafiki anayekusifu ukifanya vema, mfanyie kosa dogo la wazi umwone; akikusifu tena, mpende, lakini usimwulize njia. Sikio lako likisikia punje zinalia, simama, hata kama kila kitu mbele yako ni kijani. Usiogope aibu ya kusimama, kwa kuwa mlima hauhami. Na chombo chochote cha kukuambia ukweli, usikibandike rangi unazozipenda, na zaidi ya yote usiandike jina lako juu yake.

Nenda sasa. Mungu akulinganishie hewa yako na moto wako. Akupe milima unayoiweza, na sikio la kuisikia ile usiyoiweza. Akuzungushie watu wasiotulia unapopotoka, wanaotetemeka mbele yako bila kukuogopa. Na siku utakayompeleka mtu unayempenda mahali ulipomwahidi, afike na vazi lake likiwa jeupe.